Kipanga Anapokwenda Likizo



Tuko mwishoni mwa Novemba. Shule zinakaribia kufungwa, na wengi humu ukumbini ama mmeshakata tiketi, ama mnapiga simu huku na kule mkitafuta mtu wa kuwakatia. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupunguza msongo wa likizo katika familia zenye watoto wenye vipaji vya akili. Niseme mapema ninakosimama. Sehemu kubwa ya msongo huo tunauleta sisi watu wazima, na tunauleta kwa mapenzi. Tunamchukua mtoto ambaye mwaka mzima ameishi kwa ratiba, tunampeleka kwenye nyumba yenye watu ishirini, halafu tunamsimamisha katikati yao kama kombe tulilorudi nalo kutoka mashindanoni.

Ninamsema mtoto gani? Huenda ni yule anayeongoza darasani, huenda siye. Ni yule aliyesoma kabla hajafundishwa, ambaye swali lake la pili linatokana na jibu lako la kwanza, na ambaye ahadi uliyomtolea Juni anaikumbuka Desemba, na maneno uliyoyatumia anayakumbuka vilevile. Vipimo vinasaidia kumtambua, ila tusiviabudu. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza mwaka 1921 kuwakusanya watoto wa California waliopata alama za juu katika kipimo cha akili. Alipata zaidi ya 1,500, na kazi ya kuwafuatilia iliendelea hata baada ya yeye kufariki. Aliivunja dhana iliyokuwa imeenea wakati ule, kwamba mtoto mwenye akili nyingi lazima awe mgonjwa-mgonjwa. Lakini wapo wawili waliopimwa wakaachwa nje kwa sababu alama hazikutosha: William Shockley, aliyekuja kupata Nobeli ya fizikia mwaka 1956, na Luis Alvarez, aliyeipata mwaka 1968. Kwa hiyo kama mwanao hajawahi kuitwa kipanga na mwalimu yeyote, usiondoke bado.

Nitatumia mfano wa familia inayotoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro kula Krismasi. Watani zangu Wapare wasinune, sijasema Wachagga wana akili kuliko jirani zao. Safari hiyo ya Desemba inajulikana nchi nzima, na ndani yake mna karibu kila kitu kinachomtikisa mtoto wa namna hii: barabara ndefu, umati, sifa, mnyama wa kuchinjwa, na makaburi hatua chache kutoka mlangoni. Anayekwenda kula Idi Pemba, au kufungua mwaka Bukoba, atabadilisha majina ya vyakula. Mengine ni yale yale.

Basi tumfikirie binti wa miaka tisa, ndiyo kwanza amemaliza darasa la nne. Nitamwita Ndeshi. Ameamshwa saa tisa usiku. Basi linaondoka Mbezi kukiwa bado giza, na mbele yake kuna zaidi ya kilomita 500. Runinga ya ndani ya basi inapiga kelele juu ya kichwa chake. Hadi Chalinze ameshasoma kila bango la barabarani kwa sauti. Kufika Segera anataka kujua nani aliamua barabara igawanyike pale. Korogwe anayaona mashamba ya mkonge, anauliza kwa nini mengine yamegeuka pori, na baba, ambaye anauwaza mchango wa ukoo aliopangiwa, anajibu "sijui, lala." Abiria wanashuka kuchimba dawa, yeye anagoma kwa sababu ya harufu, na saa moja baadaye, katikati ya tambarare ya Same, analia kwamba amebanwa. Jioni wakiteremka kwa bibi, shangazi anamkumbatia, sweta linamkwaruza shingoni, Ndeshi anapiga ukelele na kujitupa chini mbele ya wageni. Mmoja anasema mtoto amechoka. Wa pili anasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba mtoto wa mjini amedekezwa.

Wote wawili wamekosea kidogo. Mwaka 1991, katika mji wa Columbus huko Ohio, wazazi na wataalamu kadhaa walikaa wakaandika maelezo ya kipaji ambayo mimi nayaona bora kuliko alama za mtihani. Walisema mtoto huyu hakui kwa mwendo mmoja. Ndeshi ana maswali ya miaka kumi na minne, mikono ya miaka tisa na machozi ya miaka sita, na yote yamo ndani ya gauni moja. Asubuhi atajadiliana na babu bei ya kahawa mpaka babu asahau umri wake. Mchana atalilia kikombe cha bluu alichopewa binamu. Sisi tuliomsikia asubuhi tunakasirika mchana, tunamwambia "wewe mwenye akili zako unalilia kikombe?" Lile swali ndilo linalomuumiza, maana naye anajiuliza vivyo hivyo na hana jibu.

Daktari wa magonjwa ya akili wa Poland, Kazimierz Dąbrowski, alieleza aina tano za msisimko uliopita kiasi: wa mwili, wa hisi, wa akili, wa kuwaza mambo yasiyokuwepo, na wa moyo. Wafuasi wake wamelitumia wazo hilo sana kwa watoto wenye vipaji. Watafiti wengine wanalitilia shaka, nami siwezi kuwaambia kwamba kila kipanga ana ngozi nyepesi. Ila mzazi ambaye mwanawe huvua soksi kanisani kwa sababu ya mshono wa vidoleni hahitaji kusubiri watafiti waafikiane.

Mtoto huyu anataka kujua kinachokuja. Wiki moja kabla ya safari mpe daftari achore njia yote, na vituo. Mtajie watakaokuwepo, nani ni nani kwa nani, atalala chumba gani, na pamoja na nani. Ukoo wa Kichagga kwa mtoto wa Mbezi ni hesabu ngumu: yupo baba mkubwa asiye ndugu wa tumbo moja na baba, yupo shangazi mwenye umri wa dada. Mwache auchore, ataupenda. Mwekeeni mahali pa kukimbilia akizidiwa, na mkubaliane alama ya kuomba ruhusa bila kusema neno, labda kugusa sikio. Migombani panafaa. Mazizini panafaa zaidi, kwa sababu pana kazi. Mtoto aliyetumwa kukata majani ya ng'ombe hasemwi kwamba anawakimbia wageni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko safari.

Ni usiku, watu wameshakula, mbege inazunguka. Baba mkubwa anaita: "Hebu njoo hapa, daktari wetu!" Ndeshi anakuja. "Saba mara kumi na tatu?" Tisini na moja. "Kumi na saba mara kumi na tisa?" Anafumba macho kidogo: mia tatu ishirini na tatu. Makofi. Mtu anatoa noti ya elfu tano. Simu zinatolewa kurekodi. Halafu mjomba aliyekaa pembeni anauliza mji mkuu wa Burkina Faso, na Ndeshi hajui. Kicheko kinapasuka, kicheko cha upendo kabisa, hakuna mwenye nia mbaya pale. "Kumbe naye kuna vinavyomshinda!" Wakubwa wanaendelea na habari za siasa. Mtoto anakwenda kulala, ila halali.

Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanafunzi wa darasa la tano. Waliwapa mafumbo, wote wakafanya vizuri. Baadhi waliambiwa wana akili sana, wengine wakaambiwa wamejitahidi sana. Baada ya hapo waliosifiwa akili waliyapenda zaidi mafumbo rahisi ambayo yasingewaaibisha. Walipopewa magumu wakakwama, hamu iliwaisha, na waliporudishiwa ya kiwango cha kwanza walifanya vibaya kuliko mwanzo. Walipotakiwa kuwaandikia watoto wasiowajua alama walizopata, wao ndio waliodanganya zaidi. Sentensi moja tu ya sifa, kutoka kwa mtu mgeni. Ndeshi anaisikia sentensi hiyo kila anapopita sebuleni, kutoka kwa watu anaowapenda, tangu tarehe ishirini hadi mwaka mpya.

Tena pale sebuleni kuna mtoto mwingine. Binamu yake, wa umri ule ule, amechota maji tangu asubuhi, ameosha sufuria za watu ishirini, na sasa amesimama mlangoni na beseni mkononi anatazama makofi. Kesho yake akimfinya Ndeshi kule mtoni tutasema watoto wa kijijini ni wakorofi.

Mtauliza, nani atamkataza baba mkubwa? Mke aliyeolewa katika ukoo ule hawezi, na asijaribu. Azungumze mwenye ndugu yake, na azungumze kwa simu kabla ya safari, si mbele za watu. Wala haihitaji hotuba. "Kaka, Ndeshi akija usimpe mitihani, siku hizi inamkosesha usingizi. Ila ana swali anataka kukuuliza wewe." Hapo ndipo penye ufumbuzi ninaouamini kuliko mwingine wowote: geuzeni upande wa maswali. Mtoto ndiye aulize, wakubwa ndio wajibu. Baba mkubwa ana furaha ile ile ya kuwa na mtoto mwerevu mbele yake, na mtoto hana cha kukosea.

Na kule mlimani maswali hayaishi. Maji yanapandaje mpaka kwenye migomba iliyo juu ya mto? Mzee atamwonyesha mfongo, ule mfereji uliochimbwa na mababu kufuata mteremko, na kumweleza zamu za maji zilivyogawanywa na ugomvi uliotokea mtu alipoiba zamu ya mwenzake. Kwa nini kahawa imeng'olewa pakapandwa nyanya na parachichi? Hapo atasikia habari za KNCU, chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933, na jinsi kahawa ilivyosomesha watu wa kizazi cha babu. Mtoto anayeuliza "kisha?" mara nane mfululizo anaudhi ofisini, lakini mzee aliyestaafu, ambaye wanawe wakija wanatazama simu, amekuwa akimsubiri mtu wa namna hiyo miaka mingi.

Kuna mbuzi pia. Analetwa siku mbili kabla ya sikukuu, anafungwa kwenye mgomba, na binamu wanampelekea majani. Ndeshi hahitaji kuambiwa, ameshakisia tangu aliposikia neno ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuokwa. Anachotaka ni mtu mmoja amthibitishie kwa ukweli. Msimwambie kwamba mbuzi amekuja kutembea. Mwambieni atachinjwa asubuhi, nani atachinja, itachukua muda gani, na kwamba hatalazimishwa kutazama wala kula. Siku yenyewe awe jikoni na akina mama wanaomenya ndizi za mtori, akiwa na kisu chake na ndizi zake. Upande wa pili nao niseme. Kipaji hakimpi mtoto wa miaka tisa kibali cha kusimama katikati ya wazee wenye shughuli na kuwahutubia juu ya ukatili kwa wanyama. Akitaka kuyasema, atayasema kwa mama, pembeni, na mama atamsikiliza mpaka mwisho. Nimeona wazazi wanaofikiri kuilinda akili ya mtoto ni kumwachia adabu impite, na mtoto huyo hurudi mjini akiwa hana hata ndugu mmoja anayemkumbuka kwa wema.

Makaburi yanataka uangalifu zaidi. Kwa Wachagga marehemu wengi wamelala kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, karibu na nyumba, masale yamepandwa pembeni. Watoto wengine wanacheza hapo bila habari. Ndeshi anasoma tarehe. Anatoa mwaka wa kuzaliwa katika mwaka wa kufa, anagundua kwamba mdogo wake babu alikufa na miaka minne. Anaendelea na hesabu: babu ana themanini na moja, baba yake babu alikufa na themanini na tatu. Usiku, mezani, kila mtu akiwa na nyama mdomoni, anauliza: "Babu, wewe umebakiza Krismasi ngapi?"

Kimya. Kisha bibi anasema "ishindwe," shangazi anatikisa kichwa, mama anatamani ardhi impokee.

Leta Hollingworth, mwanasaikolojia wa New York, aliwatafuta kwa zaidi ya miaka ishirini watoto wenye kipimo cha akili cha zaidi ya 180, akawapata kumi na wawili tu. Kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1942, miaka mitatu baada ya kifo chake. Aliona kwamba watoto hawa huanza mapema mno kuhangaikia tulitoka wapi na tunakwenda wapi, wakati moyo bado haujapata nguvu za kubeba majibu. Swali la Ndeshi si utovu wa adabu. Amepiga hesabu, imempa jibu la kutisha, na anamwomba mkubwa amwambie kama amekosea. Akinyamazishwa, atabaki na hesabu yake peke yake gizani, katika chumba kigeni, na hapo ndipo maumivu ya tumbo ya usiku huanza, yale ambayo kila dawa ya minyoo inashindwa kuyatibu.

Ningependa babu ndiye ajibu, na mababu ninaowafahamu wana uwezo huo kuliko sisi. Amwambie hajui, na kwamba naye hulifikiria. Kesho yake amchukue mjukuu wapite makaburini taratibu, amsimulie habari za kila aliyelala pale: huyu alikuwa mkali wa kucheka, huyu alinunua redio ya kwanza kijijini, huyu mdogo aliugua surua. Mtoto aliyepewa watu mahali pa tarehe hulala. Kama familia husali, wasali pamoja naye, kwa sala yake mwenyewe na maneno yake.

Huyo huyo Hollingworth aliona kwamba mtoto akizidi sana wenzake hukosa rafiki, kwa sababu wa rika lake hawaelewi michezo anayoitaka na wakubwa hawataki kucheza naye. Likizo ya ukoo ina nafasi ambayo shule haina, kwa kuwa umri umechanganyika. Mtafutieni mtu mmoja tu: binamu wa kidato cha tatu anayetengeneza redio mbovu, au bibi mdogo anayejua dawa za miti. Mchezo wa bao nao unafaa, hasa akifungwa na mtu asiyesoma kabisa. Kufungwa mara tatu na mlinzi wa jirani ni somo ambalo hakuna shule ya kulipia inayolitoa.

Kuhusu tuisheni ya likizo nitasema kidogo ili nisigombane na walimu. Mtoto aliyemaliza mtaala kabla ya wenzake hahitaji kurudishiwa mtaala ule ule Desemba. Mpeni vitabu, na siku ambazo hazina kitu. Atalalamika kwamba anachoshwa. Mwacheni, baada ya muda ataanza kutengeneza kitu, pengine kwa kufungua saa ya ukutani ya bibi, kwa hiyo saa hiyo iwekeni juu.

Nanyi wazazi, mizozo yenu ya viwanja, ya michango na ya nani alimhudumia mama alipolazwa, izungumzeni mbali na masikio yake. Mnadhani yuko kwenye kitabu. Amesikia yote, na keshapanga nani ana haki. Kama mambo yameharibika hata yakaonekana, mwambieni kwa ufupi kwamba wakubwa wamekosana, kwamba si kazi yake kuwapatanisha, na kwamba mtarudi Dar siku ile ile mliyopanga.

Jambo la mwisho linamhusu kaka yake. Ndeshi ana kaka aliyemaliza darasa la saba Septemba. Desemba, mara nyingi ndipo orodha ya waliochaguliwa kidato cha kwanza hutoka TAMISEMI, na sebule nzima inataka kujua kama amekwenda Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Tabora. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kuacha kutoa orodha ya shule na watahiniwa kumi bora. Koo zetu bado zinatoa ya kwao kila Krismasi, kwa mdomo, mbele ya wahusika, na kijana huyu hukaa wiki mbili akisikia jina la mdogo wake. Amepangiwa shule ya kata, mtaa wa pili na nyumbani. Katika simu ile mtakayompigia baba mkubwa kuhusu mitihani ya Ndeshi, mpeni na habari ya kaka yake: amefaulu, anaanza Januari, na sare ameshapimiwa. Kisha mwambieni kwamba mwaka huu huyu kijana ndiye atakayeshika kamba ya mbuzi, na anayetaka kumuuliza masomo amuulize akiwa na kazi mkononi.